Babu Yuko Kwenye Friza

Watu wa New England hawaulizani kabila. Wanaulizana familia ilifika lini. Waliokuja wakikimbia njaa ya viazi ya Ireland katika miaka ya 1840 ni wageni wa juzi mbele ya wale ambao babu zao walipigana vita vya uhuru, na hao nao hushusha sauti wakikaa na mtu wa Mayflower. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa New Bedford huku Massachusetts, alikuwa mtu wa Mayflower. Aliambiwa hivyo na babake, ambaye naye aliambiwa na wake, na hakuna aliyedai ushahidi kwa sababu ushahidi ulikuwa jina la ukoo wa kuumeni kwake: Howland.

Na kweli John Howland ni babu wa kuringia. Alikuwa mtumishi wa John Carver, gavana wa kwanza wa Plymouth, kijana asiye na kitu, na huenda angesahauliwa lau si siku moja ya dhoruba mwaka 1620 alipopanda juu ya sitaha, chombo kikayumba, akatumbukia baharini. Bahati yake henza za tanga la juu zilikuwa zinaburura majini. Akazidaka, akazama nazo, hakuziachia, mpaka wenzake wakamvuta na kumwopoa kwa upembo. Baridi ya kwanza ilipokwisha, karibu nusu ya abiria 102 walikuwa wamekufa, na Carver mwenyewe akawafuata majira ya kuchipua. John akabaki. Akamwoa Elizabeth Tilley, yatima wa chombo hicho hicho, wakazaa watoto kumi, na wote kumi wakakua. Ndiyo maana leo wazao wake hawahesabiki. Franklin Roosevelt ni wake, akina Bush wawili, baba na mwana, ni wake, na hata Humphrey Bogart wa sinema ni wake. Mama mkwe aliwataja hao kwa majina yao ya kwanza.

Alipofanyiwa upasuaji wa nyonga na daktari kumkataza ngazi, mume wangu aliamua bila mjadala: Mama anahamia kwetu. Kwetu Unguja hilo si la kujadiliwa. Mama mkwe anakuja kwa mwanawe, unamtandikia, unampa chumba kinachopata upepo, maisha yanaendelea. Huyu wangu alikuja na ukoo mzima. Uliteremshwa kwenye lori: maboksi ya fotokopi, makabati ya chuma ya kuwekea mafaili, skana, taa yenye lenzi ya kukuzia maandishi, na Biblia ya familia, nzito ya kumtoa mtu jasho, yenye zile kurasa katikati ya Agano la Kale na Jipya ambazo Wamarekani wa karne ya 19 waliandikia ndoa, vizazi na vifo vya nyumbani. Meza ya kulia ilitekwa siku hiyo hiyo. Sisi tukahamia mkekani. Mama mkwe, ambaye nyonga haikumruhusu kukaa chini, alikula mezani peke yake akiwa amezungukwa na marehemu.

Alichokitaka ni kuingia kwenye chama. Wazao wa Mayflower wana chama chao tangu 1897, na hakiingiwi kwa jina wala kwa masimulizi ya babu. Kila kizazi, kuanzia kwako mpaka kwa abiria, unakitolea ushahidi: alizaliwa lini, alimwoa nani, alikufa wapi, na karatasi gani inasema huyu ni mtoto wa yule. Vizazi vitano vya mwanzo chama chenyewe kinavichapisha katika vitabu vyenye majalada ya rangi ya fedha. Kazi ya mwombaji ni kujitoa alipo mpaka aufikie ukingo wa kitabu, na hapo katikati ndipo watu wanapozama. Sensa ya Marekani ilianza 1790, lakini mpaka ile ya 1840 iliandika jina la mkuu wa kaya peke yake. Mke na watoto walikuwa namba tu kwenye visanduku vya umri. Ya 1850 ndiyo ya kwanza kumwandika kila mtu huru kwa jina lake. Ya 1890 sehemu yake kubwa ilipotea kwa moto uliozuka Washington mwaka 1921, na mama mkwe aliuzungumzia moto huo kwa uchungu, kana kwamba yupo mtu wa kushtakiwa na bado yuko hai.

Mimi nilikuwa mpita njia katika mambo haya mpaka lilipozuka suala la mtoto wa nje ya ndoa.

Jioni moja nilisikia mezani sauti ya mtu aliyeona nyoka. Alikuwa ameipata ndoa ya bwana na bibi wa kizazi cha tatu katika daftari la Wakweka, wale Wakristo wanaojiita Marafiki, ndugu wa hawa waliofika Kaimosi mwaka 1902, ambao Kenya leo ina wengi wao kuliko nchi nyingine yoyote. Daftari lilisema wameoana mwezi wa pili, 1703. Na daftari la mji, lililoandikwa na karani mwingine, lilisema mtoto wao wa kwanza amezaliwa Januari 1703. Mtoto ametangulia harusi kwa mwezi mzima! Wifi yangu, ambaye alikuwa kwenye simu, alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akauliza swali ambalo halikupata jibu la maana: imekuwaje watu wa Mayflower, watu wa kanisa la Plymouth, wakafunga ndoa kwenye mkutano wa Wakweka? Mama mkwe akasema watu hubadilika.

Mimi nilimwuliza jambo jingine. "Mwezi wa pili kwa hesabu ya nani, Mama?"

Mtu aliyekulia Unguja haamini namba ya mwezi wala ya saa mpaka ajue hesabu imeanzia wapi. Saa yetu moja ni saa saba ya wenzetu, na mwezi wa kumi wa Kiislamu sisi tunauita Mfunguo Mosi, kwa kuwa tunaanza kuhesabu pale watu wanapofungua. Tukatafuta, tukapata. Mpaka 1752 Waingereza na makoloni yao walianza mwaka tarehe 25 Machi, na Machi ndiyo ilihesabiwa mwezi wa kwanza. Wakweka hawakutaka kuitaja miezi kwa majina ya miungu ya wapagani, wakaitaja kwa namba tupu. Kwa hiyo mwezi wao wa pili ni Aprili. Na Januari 1703 ya karani wa mji iko mwishoni mwa mwaka 1703, yaani Januari 1704 kwa hesabu ya leo. Aprili mpaka Januari nikamhesabia kwa vidole mbele ya macho yake: miezi tisa, salama usalimini. Bibi wa watu alikuwa amesingiziwa kwa miaka mia tatu na kitu. Mama mkwe akanyoosha mkono kwenye kopo lake, akanipa penseli.

Februari huku mabomba hupasuka. La kwetu lilipasuka kwenye chumba cha chini ya nyumba, usiku, juu ya yale maboksi yaliyokosa nafasi mezani, na Biblia ilikuwa juu ya boksi la kwanza. Tuliikuta imevimba, jalada la ngozi limeachia, maji yanachuruzika kutoka Kitabu cha Zaburi. Mama mkwe hakulia. Alipiga simu maktaba, na bibi aliyepokea akamwambia neno ambalo mimi nilidhani ni mzaha: igandisheni. Kumbe ndivyo inavyofanywa. Kitabu kilicholowa kikiachwa kwenye joto huota ukungu baada ya siku mbili tatu, lakini kikigandishwa ukungu hausogei, wino hautambai, na mtu anapata nafasi ya kukikausha kidogo kidogo akiwa tayari.

Sasa fikiria friza ya Mzanzibari wiki moja kabla ya Ramadhani. Yangu ni ile ndefu ya kufunguliwa kwa juu. Ndani yake mlikuwa na sambusa za mwezi mzima zilizopangwa trei juu ya trei, katlesi, nazi iliyokunwa, mihogo, na mbuzi mzima aliyekatwakatwa na mchinjaji wa halali wa Providence. Biblia ikafungwa plastiki mara tatu ikalazwa baina ya mbuzi na mihogo. Mume wangu, mtu mpole ambaye hatazami anachokishika, alitumwa jioni moja kuleta paja akarudi na Agano la Kale.

Mamangu hupiga simu baada ya tarawehe ya Unguja, ambapo huku ni mchana na mimi ndio naanza kukanda unga.

"Hajambo mwenzangu?" akauliza. "Na yule babu yake anayemtafuta, kapatikana?"

"Babu yuko kwenye friza, mama."

Simu ikanyamaza. "Innalillahi. Mpaka leo hamjamzika?"

"Si yeye mwenyewe. Ni Biblia iliyoandikwa majina ya mababu."

"Na imekaa na sambusa?"

"Imefungwa plastiki."

"Haya. Kitabu cha watu kiheshimuni. Lakini kisikae karibu na vitunguu, kitanuka."

Kumi la mwisho tulialikwa Boston kwa jamaa wa Lamu, tukalala huko Ijumaa mpaka Jumapili. Mama mkwe alikwenda nasi. Alikwishapenda kufuturu kuliko wengi wanaofunga. Aliyoyaacha nyumbani ndiyo yaliyotuponza. Zile karatasi nyingine zilizolowa alizitandaza chumba cha chini, akawasha mapangaboi mawili, mashine ya kunyonya unyevu na hita, vyote kwenye waya mmoja wa nyumba ya kizamani. Swichi ya umeme wa huko chini ikajizima, hatujui saa ngapi. Waya huo ndio uliokuwa wa friza.

Tulirudi Jumapili magharibi. Mume wangu alifungua kifuniko, akakifunga taratibu, akanitazama. Nyama ilikuwa bado baridi lakini imelainika. Sambusa zimeshikana zikawa donge moja. Chini kabisa Biblia imeanza kuvuja ndani ya plastiki yake. Vyote viwili havikuweza kungoja asubuhi: cha kupikwa kipikwe na cha kukaushwa kikaushwe, usiku huo huo, jiko hilo hilo.

Jirani yetu, bibi wa watu wa Cape Verde, alileta sufuria kubwa la kupikia sherehe bila kuuliza maswali. Wifi akaja kutoka Fall River na mifuko ya karatasi za jikoni. Upande wa majiko ni mimi na mume wangu: mbuzi wa pilau huku, mbuzi wa mchuzi kule, na karai la mafuta la sambusa zilizoweza kuokolewa. Upande wa dirisha ni mama mkwe kwenye kiti chake kirefu, na kamba ya nguo imefungwa kutoka kitasa cha mlango mpaka kabati. Aliifungua Biblia ukurasa mmoja baada ya mwingine kwa kisu butu cha siagi, akawekea karatasi za jikoni, na zile zilizokuwa zimeachia kwenye mshono akazianika kwa vibanio vya nguo. Usiku wa manane Isaya alikuwa ananing'inia juu ya chungu cha pilau. Biblia ile mpaka leo inanukia bizari, na sidhani kama itaacha.

Ukurasa wa Vizazi ulikuwa mnene kuliko wenzake. Wote tulidhani ni maji. Mtu fulani wa ukoo, pengine kiasi cha miaka mia moja iliyopita, alibandika juu yake karatasi nzuri iliyopigwa taipu, yenye ngao ya kizungu iliyochorwa kwa rangi ya dhahabu, ikishuka kutoka John Howland wa Mayflower mpaka babu wa mama mkwe. Hiyo ndiyo ilikuwa nguzo ya kila kitu. Gundi ya enzi zile ilikuwa ya unga wa ngano. Maji yameilowesha, barafu imeikamata, na sasa mvuke wa vyungu vyangu ukaimaliza. Pembe ya juu ikajikunja. Mama mkwe akaifuata kwa kisu. Ngao ikabanduka yote pamoja na John wake, na chini yake mkatokea maandishi ya wino wa kahawia, mwandiko umelalia kulia, majina yameshuka kwa mstari: Henry wa Duxbury, Zoeth mwanawe, na kuendelea.

"Henry ni nani?" mume wangu akauliza, mwiko mkononi.

Mama mkwe alijua, na uso wake ulionyesha. Kila anayetafuta ukoo huu anajua, kwa sababu huo ndio mtego wake maarufu. John alikuwa na ndugu wawili, Arthur na Henry, waliovuka bahari baadaye kwa meli nyingine. Wote watatu waliacha wazao, wote wanaitwa Howland, na ni wazao wa mmoja tu wanaoingia kwenye chama. Zamani familia zilizokuwa na pesa zilipenda kumlipa fundi wa nasaba awavushe kutoka kwa ndugu mmoja kwenda kwa mwingine. Gustave Anjou, mzaliwa wa Sweden aliyekufa 1942, aliishi kwa kazi hiyo: aliwauzia matajiri wa Marekani nasaba alizozitunga, na hadi leo watu wanazinakili bila kujua. Wa kwetu hakuweka jina lake. Aliweka ngao.

Mama mkwe aliomba kupelekwa kulala. Kwa siku kadhaa alikula kidogo, hakugusa penseli, na Idi ilipofika meza ilikuwa wazi kwa mara ya kwanza, jambo lililonitia huzuni kuliko nilivyotegemea. Wifi alijaribu kumchangamsha kwa habari za fedha. Henry, alisema, ndiye aliyezaa Howland wa New Bedford, wale matajiri wa meli za nyangumi, na mmoja wao alikuwa Hetty Green, aliyehesabiwa mwanamke tajiri kuliko wote Marekani alipokufa mwaka 1916. Kijana alipokuwa, Hetty aliipeleka mahakamani mirathi ya dada wa mamake, Sylvia Ann Howland, akiwa na karatasi yenye saini ambayo wapinzani walisema imefuatishwa juu ya saini nyingine. Mtaalamu wa hesabu wa Harvard, Benjamin Peirce, alitoa ushahidi akaeleza kwamba saini mbili za mtu kulingana kwa kila mkwaruzo namna ile ni jambo la kutokea mara moja katika idadi ambayo hata kuitamka ni taabu. Kughushi karatasi, wifi akasema, kumbe kuko kwenye damu. Mama mkwe hakucheka.

Nilichukua penseli yangu mwenyewe. Kumbukumbu za mahakama ya koloni la Plymouth zilichapishwa katikati ya karne ya 19, na mtu anaweza kuzisoma akiwa kitandani. Nilizisoma usiku mmoja, na kuna jambo nililoliona humo ambalo sikuliona kwenye zile karatasi za ngao. Mtu aliyekaa vizuri hakuandikwa. Alizaliwa, alioa, alikufa, basi. Karani alichovya wino kwa ajili ya aliyekosa. Hata John tunamjua kwa sababu alianguka baharini. Angebaki sitahani angekuwa jina kwenye orodha. Na hao ndugu zake wasio na Mayflower, hao wameandikwa.

Nikaenda nikakaa kitandani kwa mama mkwe, nikamsomea. Henry alipigwa faini kwa kuwaruhusu Wakweka wafanye mkutano nyumbani kwake, wakati Plymouth inawawinda. Mwanawe Zoeth alisema mbele za watu kwamba hataki kwenda kanisani kusikiliza uongo, na kwamba hata shetani anaweza kuhubiri vizuri kama hao wahubiri. Wakamtia mkatale saa nzima. Mama mkwe akageuza kichwa. Nikaendelea. Arthur mdogo, mtoto wa Arthur yule ndugu wa tatu, alimpenda Elizabeth, binti wa gavana Thomas Prence, na Prence alikuwa adui mkubwa wa Wakweka. Plymouth ilikuwa na sheria: kumposa binti bila ridhaa ya babake ni kosa. Gavana akamshtaki kijana katika mahakama ambayo gavana mwenyewe ndiye anayeiongoza. Faini pauni tano. Kijana akalipa, akarudi kwa binti. Mwaka 1667 akashtakiwa tena, akawekewa dhamana ya pauni hamsini asiendelee. Haukupita muda, wakaoana.

Hapo nikanyamaza kidogo, kwa makusudi. Mimi na mama mkwe tuna historia yetu. Wakati wa uchumba alimwandikia mwanawe barua ndefu kuhusu tofauti za dini, na barua hiyo nimeisoma.

Akanitazama kwa muda. "Mimi sikuwatoza faini," akasema.

"Hukututoza, Mama."

"Nilitoa seti nzima ya vyombo."

"Ulitoa."

Akaomba miwani yake.

Tulisoma naye mengi baada ya hapo, na si yote ya kuchekesha. Mwaka 1652 kundi la watu wa Plymouth, Henry akiwemo, walinunua ardhi ya Dartmouth kutoka kwa Massasoit, mkuu wa Wawampanoag, na mwanawe Wamsutta. Ni nchi nzima, kutoka mto mpaka mto, na New Bedford imo ndani yake, na nyumba yetu yenye mabomba mabovu imo. Bei imeandikwa: yadi 30 za kitambaa, ngozi 8 za paa mkubwa wa huku, shoka 15, majembe 15, suruali 15, mablanketi 8, masufuria mawili, joho moja, soksi na viatu jozi nane nane, chungu kimoja cha chuma, shanga za thamani ya pauni mbili, na vitu vingine vya shilingi kumi. Chungu kimoja. Orodha hiyo mama mkwe aliniomba niirudie, kisha akakaa kimya. Mtoto mwingine wa Massasoit, Metacom, ndiye aliyeingia vitani na Waingereza mwaka 1675, na katika vita hivyo Dartmouth ilichomwa moto, naye Zoeth, yule wa mkatale, akauawa. Karatasi yenye ngao haikuwa na nafasi ya habari za namna hiyo.

Aliyelifungua jambo la chama ni mamangu, na alilifungua kwa udaku. Alitaka kusimuliwa mwanzo mpaka mwisho. Nikamsimulia John, Henry, Zoeth, na wote walioshuka.

"Hao wote wanaume," akasema. "Wamezaana wenyewe? Mwulize mwenzangu bibi yake mzaa mama alikuwa nani."

Nikauliza. Mama mkwe akajibu bila kujali, huku anapaka siagi mkate: bibi yake alikuwa Taber, watu wa kawaida, wakulima wa Dartmouth, hawakuwa na lolote. Wifi ndiye aliyefungua kitabu. John Cooke alipanda Mayflower akiwa mtoto pamoja na babake, Francis. Ukubwani aligombana na kanisa la Plymouth, wakamtenga, akahamia Dartmouth, akafia huko 1695. Mkewe, Sarah, alikuwa binti wa Richard Warren, abiria mwingine. Na mabinti zao waliolewa na majirani: Hathaway, Wilcox, West, na Taber wawili, Thomas na Philip. Ukiwa na bibi Taber wa Dartmouth ya zamani, karibu uwe unamfukuzia mtu wa Mayflower mlango wa mbele naye amekaa jikoni kwako. Kuukeni, katika mstari ambao hakuna aliyewahi kuununulia ngao, mama mkwe alikuwa na abiria watatu kwa mpigo.

Meza ikatekwa upya. Safari hii kazi ilikwenda mbio, kwani akina Taber walikuwa watu wa kuandikisha mambo yao, na fomu ilijazwa, ikasainiwa, ikatiwa kwenye bahasha pamoja na vyeti vyote. Henry hakutupwa. Alitengenezewa faili lake, nene kuliko la akina Cooke, na mgeni akija sasa anasimuliwa mkatale kwanza na Mayflower baadaye.

Kisha mama mkwe akageukia kwangu. Alitaka nasaba ya wajukuu zake iwe na pande mbili. Tukampigia mamangu, mume wangu akiwa mkalimani, na mamangu akatoa majina ya kwao kwa pumzi moja, fulani bin fulani bin fulani mpaka Pemba, na kutoka Pemba mpaka Shihiri, na njiani akataja nani alikuwa mkali, nani alikufa na deni la karafuu, na nani alimwacha mkewe kwa sababu ya mbuzi. Mama mkwe aliandika mpaka penseli ikavunjika. Halafu akauliza lile swali.

"Mwambie nahitaji ushahidi wa kila kizazi."

Mume wangu alisita kutafsiri. Alipotafsiri, mamangu hakukasirika. "Mwambie ushahidi ni mimi. Kama hataki kuniamini kwenye simu, aje. Nitampeleka makaburini nimwonyeshe kwa kidole, maana majiwe mengi hayana majina."

"Kama ya Wakweka wa zamani," mama mkwe akasema, na macho yake yakawaka namna ninayoijua.

Kesho yake alituita akitaka kujua nauli ya Zanzibar na namna ya kupata pasipoti, kwani katika miaka yake yote hajawahi kuvuka bahari. Fomu ya pasipoti ilidai cheti cha kuzaliwa. Tukapekua makabati ya chuma. Tulipata wosia, hati za ardhi, ndoa za Wakweka zenye miezi ya namba, na sensa kuanzia 1790. Cheti chake yeye hakikuwemo. Alikuwa amekituma kwenye chama pamoja na vile vingine. Sasa ameniachia mchuzi nimwangalizie, amekwenda manispaa na mwanawe kulipia nakala, na amesema akikuta foleni tusimngoje, tule.